Sori ya Clifford

Clifford Sugden alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta kwa muda mrefu kuliko nilivyoishi na mama yangu mzazi, na neno nililolisikia zaidi kinywani mwake ni sori. Si kwamba alikuwa mkosaji. Sijapata kumwona mtu mwenye makosa machache kama yeye. Lakini alikuwa Mwingereza, tena wa Yorkshire, na watu hawa wamejipangia neno moja kwa kazi zote.

Kwetu Tanga kila jambo lina neno lake. Mtu akifiwa unampa pole. Ukimkanyaga unamwomba samahani. Ukitaka kupita unasema hebu nipishe, na usiposikia unauliza, unasemaje? Hawa yote hayo ni sori. Nilipofika hapa Uingereza kusomea uuguzi, msichana mbichi na koti la kuazima, nilimkanyaga bwana mmoja kwenye foleni ya posta, na yeye aliyekanyagwa ndiye akasema sori. Nikamkazia macho nikidhani ananikebehi. Kumbe ndiyo adabu yao. Muuza nyama akiishiwa nyama ni sori. Anayetaka kukubishia mpaka mate yamruke huanza na sori. Wodini nilimwona daktari akimwambia mama mmoja sori, mumewe amekata roho, kisha akageuka akaniambia mimi sori, kwa kuwa nilikuwa nimesimama mbele ya beseni. Nilikasirika siku nzima. Maji yakimwagika na mtu akifa, neno lilelile?

Baadaye nilijifunza kwamba neno ni moja ila sauti ni nyingi. Sori inayoshuka ni ya msiba au ya majuto. Ya haraka, ya mdomo wa juu, maana yake niondokee. Na ile inayopanda mwishoni ni swali: umesemaje? Mwenyeji hazichanganyi. Mgeni ndiye anayeumia. Siku hizi hata mimi nikigonga kiti nakiambia sori, na dada yangu akipiga simu kutoka nyumbani ananicheka mpaka anakohoa.

Ya Clifford ilikuwa hiyo ya kupanda. Alifanya kazi kiwanda cha sufu pale chini bondeni tangu kutoka shule, fundi wa kurekebisha mitambo ya kufumia, na mitambo ile ilimla masikio. Wote iliwala. Ndani ya ukumbi ule hata ukipiga mbiu hakuna anayekusikia, kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo tu, bila sauti, wakiikunjua kila herufi kama mtu anayetafuna embe. Norma, mkewe, alikuwa mfumaji hapohapo. Walichumbiana hivyo. Clifford alisimama ng'ambo ya ukumbi akamwuliza kwa midomo kama ataenda naye dansini Jumamosi, naye Norma akajibu, na kabla hajamaliza kujibu ukumbi mzima ulishajua, maana wote walikuwa wanasoma.

"Ungenong'ona wapi?" Norma alinisimulia. "Kule ukitaka kumsengenya mtu lazima ufunike mdomo kwa leso. Na ukifunika mdomo kwa leso, kila mtu anajua unasengenya."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia akaoge kwanza."

Kiwanda kilipofungwa, majengo yakageuzwa nyumba za watu wa mjini wenye baiskeli za bei mbaya. Clifford alirudi nyumbani na masikio yake mabovu. Hospitali ilimpa kifaa cha kusikilizia, akakitia kwenye droo ya vijiko, akasema kinamletea kelele za sahani na hakimletei watu. Bora asome midomo. Ukisimama mbele yake, uso kwenye mwanga, mlikuwa mnaongea vizuri tu. Tulikuwa tunakutana uani kila mmoja akitoa pipa lake la taka.

"Zena," ananiita, maana Zaina hakuiweza mpaka anaingia kaburini, "hili jua la leo ni lenu? Limepotea njia?"

"La kwetu hilo. Nimewaazima. Mkimaliza mlirudishe."

"Sori?"

Basi namgeukia, nairudia, naye anacheka mara ya pili kana kwamba ndiyo ya kwanza.

Lakini mimi nilikuwa jirani, naikuta sori yake mara moja kwa siku. Norma alikuwa nayo asubuhi, mchana na jioni. Anaongea huku anamenya viazi, kampa mgongo. "Sori?" Anaongea akiwa ngazini. "Sori?" Miaka ya mwanzo aligeuka akarudia. Kisha akawa anarudia kwa kupiga kelele. Mwisho akachoka, na kuchoka huko hakuna wa kumlaumu, masikio ya mwenzako yanakuchosha kama vile yako. Akawa anajibu, "Aa, basi." Nilikuwa naisikia kupitia ukutani, ukuta wenyewe mwembamba. Sauti ya Norma, kimya, "Sori?", kimya, "Aa, basi."

Na kadiri alivyojibiwa basi, ndivyo Clifford alivyonyamaza. Mwaka wake wa mwisho aliketi dirishani akitazama barabara, na asubuhi alishuka kununua gazeti. Ukimsalimu alinyanyua kofia. Alikuwa mzima wa mwili, ila alikuwa kama mtu aliyekaa stesheni wakati treni zimeshasimamishwa. Norma aliniambia mara moja, akianika nguo, "Hasemi kitu, Zena. Sijui anawaza nini." Kisha akazungumzia mvua.

Alikufa mwezi wa Novemba, asubuhi, njiani akienda kwenye gazeti lake. Gari la mikate lilimkuta katikati ya barabara ya chini. Barabara ilikuwa imelowa na jua limelala chini kabisa, lile la kuingia machoni. Hakuligeukia gari. Dereva, bwana wa makamo anayeitwa Trevor Pell, alipiga breki, akapiga honi, haikusaidia kitu. Gari la wagonjwa lilipofika Clifford alikuwa ameshakwenda.

Nilikwenda kwa Norma kwa mlango wa nyuma. Polisi, dada mmoja mpole, alikuwa ameshaweka birika. Norma alikuwa ameketi na koti lake mwilini, mikono mapajani. Hakulia. Nikamkumbatia, akanipigapiga mgongoni kunituliza mimi.

"Wanasema alizungumza," aliniambia. "Yule dereva alikuwa naye. Anasema Clifford alisema sori."

"Sori?"

"Ndiyo. Halafu basi."

Siku zile za msiba watu walipanga foleni mlangoni na keki na nyama baridi, na kila aliyeingia alisema sori, na Norma alimjibu kila mmoja, "Asante, mpenzi," kwa sauti ya mtu anayerudisha chenji. Alikata mikate ya mayai. Aliosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Kanisani aliimba nyimbo zote bila kukosea mstari. Nilikuwa nimejiandaa kumshika akianguka, maana kwetu mjane huanguka na kuna watu wa kumdaka, nikakaa na mikono yangu mitupu mpaka mwisho. Niliona hasira, nasema kweli. Nilitaka alie, angalau mimi nipate kazi.

"Sisikii kitu," aliniambia tulipokuwa tunarudi. "Umeshaulalia mkono wako usiku? Asubuhi unauona uko pale, wako kabisa, lakini ukiugusa ni wa mtu mwingine. Ndivyo nilivyo. Mwili mzima."

"Ganzi hutoka, shoga."

"Haina haraka," akasema.

Lakini neno lile lilikuwa limeshatoka nje ya nyumba. Trevor Pell aliwaambia polisi kwamba mzee alimwomba radhi, na polisi mmoja ana mke, na mke anatengenezwa nywele saluni. Dukani wakasema masikini Clifford, alijijua kakosea, akaomba msamaha palepale barabarani, mstaarabu mpaka dakika ya mwisho. Mwanzoni ilikuwa sifa. Kisha mama mmoja, jina lake silitaji, hastahili, akapima jibini yake akasema kwa sauti ya huruma, "Lakini hata kiziwi ana macho, na hakugeuka. Na mwaka mzima alikuwa vile, ameinama tu. Halafu anasema sori. Mtu anasema sori kwa nini?"

Mimi nilikuwa nyuma yake na maziwa yangu. Nilimwambia, "Hata kwa kusimama mbele yako kwenye foleni." Akageuka akawa mwekundu. Lakini neno likisha kutoka halirudi, na bonde letu ni dogo.

Lilimfikia Norma kabla ya wiki kwisha. Alikuja kwangu, hakuketi.

"Wanasema alijitupa."

"Nani anasema?"

"Hakuna anayesema. Wanainamisha vichwa tu." Alikuwa anatazama kalenda yangu ya ukutani. "Nimekuwa nikiifikiri ile sori. Kama hakuwa anamwambia yule dereva, Zena. Kama alikuwa ananiambia mimi."

Nilimwambia huo ni upuuzi. Nilimwambia Clifford hakuwa mtu wa hivyo. Naye akaniuliza, kwa upole kabisa, bila ukali, "Alikuwa mtu wa namna gani? Mara ya mwisho kuzungumza naye sawasawa ni lini, wewe? Mimi sikumbuki yangu." Akafunga vifungo vya koti akarudi kwake, na usiku ule sikusikia kitu ukutani, hata redio.

Basi hilo ndilo lililobaki. Mume amekufa, hilo lilishakwisha. Kilichobaki ni kujua kama alikufa au alimwacha.

Baada ya Krismasi, theluji ikiwa imeshaoza kando ya barabara, aliitwa kwenye kikao cha hakimu wa vifo, yule ambaye kazi yake ni kuuliza mtu amekufaje. Chumba kilikuwa juu ya maktaba, kina joto kali na viti vya plastiki. Hakimu alikuwa mama mwenye nywele fupi za mvi, Bi. Thackray, anaongea taratibu. Norma alivaa koti lake la kanisani. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi na haukunishika.

Daktari alisema yake. Polisi akasema yake. Kisha Trevor Pell akasimama, suti imembana mabegani, macho mekundu kama ya mtu wa tanuri. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia. Haikuwezekana. Alieleza jua, alieleza breki, alieleza jinsi alivyoshuka.

"Alikuwa hai?" Bi. Thackray aliuliza.

"Alikuwa hai. Macho wazi. Nilipiga magoti nikakishika kichwa chake kisilale kwenye maji. Akasema sori."

"Ulielewa anamaanisha nini?"

"Nilielewa... kwamba anajuta. Kwamba ametokea mbele yangu." Akafuta mdomo. "Nilisikitika, kwamba yeye ndiye aseme hivyo. Ilipasa niwe mimi."

Bi. Thackray akaandika. Kisha, kama ilivyo desturi, akamgeukia Norma akamwuliza kama ana swali kwa shahidi. Wajane huwa wanatikisa kichwa. Mimi mwenyewe nilishaanza kuokota mkoba.

Norma akasimama.

"Bwana Pell, ulipiga magoti upande gani?"

"Upande wa kichwani, mama. Nyuma ya kichwa chake."

"Nyuma. Kwa hiyo yeye alikuwa anatazama juu, na wewe uko nyuma."

"Ndiyo."

"Uso wako hakuuona."

"Sidhani. Alikuwa anatazama mbinguni tu."

"Kabla hajasema sori, wewe ulisema kitu?"

Akafikiri. "Nilimwuliza. Nilisema, 'Umeumia wapi, mzee?'"

"Ndipo akasema sori."

"Ndipo akasema."

Norma alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake. Sauti yake ilikuwa ileile ya kurudisha chenji, haikupanda wala kushuka. "Naomba uiseme kama alivyoisema yeye."

Pell akamtazama hakimu. Bi. Thackray akaweka kalamu chini, akaitikia kwa kichwa. Yule bwana alifumba macho. Alikaa hivyo, nikajua yuko barabarani, amekishika kichwa. Kisha akaisema.

"Sori?"

Ilipanda. Kila mtu mle ndani aliisikia inapanda. Polisi aliinua kichwa. Pell mwenyewe alifumbua macho, mdomo wazi, kama mtu aliyekuwa anazunguka na ufunguo mfukoni siku zote hizo akiutafuta.

"Alikuwa kiziwi," Norma alimwambia. "Asipouona mdomo, hasikii. Alikuwa anakuuliza umesemaje."

"Sikujua," Pell alisema. "Mungu wangu. Sikujua."

"Wewe ukamjibu nini?"

Hili hakuna aliyetarajia aliulize.

"Nilisema... nilidhani ananiomba msamaha, mama. Nilimwambia, 'Aa, basi, mzee. Basi.'"

Norma akaketi. Uso wake haukubadilika hata chembe, lakini ule mkono wake baridi ulinishika, ukanibana mpaka pete yangu ikaniumiza.

Bi. Thackray alisema ni ajali. Alisema marehemu hakusikia gari wala honi, na katika yote aliyoyasikia hakuna hata dalili ya kuonyesha alikusudia kufa. Akamwambia Norma sori, ile ya kushuka, na safari hii niliona haya kwamba nimewahi kuidharau.

Nje, Trevor Pell alikuwa anatusubiri ngazini, kofia mkononi. "Mama," akaanza.

Norma alimpangusa kitu begani, uzi labda. "Hukumjibu vibaya, mpenzi. Ndivyo nilivyomjibu mimi asubuhi ileile."

Tulipanda kilima kwa miguu. Sikuuliza. Njia ya kwetu ni kali na mimi nina magoti ya muuguzi mstaafu, pumzi za kuuliza sikuwa nazo. Tulipofika kwenye kona ya shule akaanza kusema mwenyewe, akitazama mbele.

"Nilikuwa kwenye sinki. Yeye anavaa koti. Nikamwambia kitu, akasema, 'Sori?' Nami sikugeuka. Nikasema, 'Aa, basi.' Akatoka."

"Ulikuwa umemwambia nini?"

"Kwamba kuna maini jioni."

Tukatembea.

"Hicho tu," akasema. "Alikuwa anapenda maini. Angefurahi. Nimekaa miezi yote hii nikitafuta kama kulikuwa na kitu kikubwa zaidi, labda nilikuwa nataka kumwambia neno la maana. Hapana. Maini." Kisha, baada ya nyumba kadhaa: "Lakini alitaka kusikia, Zena. Amelala pale, amevunjika vile, mtu asiyemjua anamsemesha, na bado anataka kujua amesema nini. Aliyekuwa anaondoka asingeuliza."

"Asingeuliza," nikasema.

Nilitazama kama sasa atalia. Hakulia. Sijui kama alilia baadaye, ukuta haukuniambia. Nilichoona ni hiki tu. Nilimfuata jikoni kwake, akavua koti, akavaa aproni, akafungua maji. Mimi nilikuwa nimejitupa kwenye kiti cha Clifford pale dirishani, kwa uchovu, bila kufikiri nimekaa wapi. Akasema kitu, amenipa mgongo, maji yanamwagika kwa kelele.

"Sori?" nikasema.

Mgongo wake ulisimama. Akafunga bomba. Akapangusa mikono, kidole kwa kidole, akageuka mzima mzima, akaja mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akauweka uso wake mbele ya wangu. Kisha akaikunjua midomo polepole, kama ng'ambo ya ukumbi.

"Nimeuliza, utakula maini?"

Maini yao siyawezi. Huyapika na vitunguu mpaka yanakuwa soli ya kiatu. Nikamwambia nitakula.